Kwa mnaoniuliza kuhusu ubobezi wa saratani za watoto

Tangu nirudi kutoka Kampala, nilikosomea ubobezi huo, simu yangu haipumziki. "Dokta shikamoo. Namalizia MMed (shahada ya ubingwa) ya watoto, nataka kubobea kwenye saratani. Niende India, Afrika Kusini au Uganda? Na je, inalipa?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, mara nyingi usiku baada ya zamu, majibu ya mistari miwili ambayo hayamsaidii mtu. Wiki hii niko likizo nyumbani Karagwe, mvua haikatiki na kahawa ipo ya kutosha. Naandika mara moja, kisha kila atakayeuliza nitamtumia linki.

La kulipa nilimalize kwanza kwa kuwa ni fupi. Hailipi. Mtoto mwenye saratani hana bima ya kampuni, na baba yake kauza ng'ombe ili apate nauli ya kumfikisha kwako. Anayetafuta kiwanja Mbezi Beach akasomee kitu kingine, hatutamlaumu.

Miaka je? Udaktari 5, interni 1, ubingwa wa watoto 3, ubobezi 2. Jumla 11, bila kuhesabu ile unayokaa ukisubiri ajira, ruhusa ya mwajiri na mfadhili. Siku hizi wizara inafadhili ubobezi kwa mpango uliopewa jina la Rais Samia, kwa hiyo mlango haujabana kama zamani. Mama yangu aliacha kuniuliza nitamaliza lini shule. Nadhani majirani anawaambia bado nasoma.

Sasa swali lenyewe, la wapi. Ushauri wangu ni huu: kasomee mahali ambapo wodi inafanana na ile utakayorudi kuifanyia kazi. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana wapo wanaodhani nasema hivi kwa uzalendo, au kwa kuwa nilikosa nafasi ya Ulaya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo likaweka lengo la angalau asilimia 60 dunia nzima ifikapo 2030. Rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, akisoma takwimu hizi hukimbilia kusema wenzetu wana dawa mpya, sisi hatuna. Lakini sehemu kubwa ya saratani za watoto inatibiwa na dawa kongwe, za miaka ya 1950 na 1960: vinkristini, siklofosfamidi, metotreksati, aktinomisini. Nyingi tunazo, ingawa si kila mwezi. Watoto wetu wanapotea zaidi katika siku zile za katikati, kati ya dozi moja na dozi nyingine. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zinashuka, homa inapanda saa nane usiku, antibiotiki inatakiwa iingie mwilini ndani ya saa moja, na mwenye ufunguo wa kabati kaenda kunywa chai. Chembe sahani, zinazogandisha damu, zinashuka, mtoto anatoka damu puani, benki ya damu inasema rudi kesho. Mdomo unatoka vidonda, hali chakula wiki nzima, na alikuja tayari amekonda.

Ndiyo maana nasema kemo, yaani tiba ya dawa za saratani, haina dozi sahihi inayoelea hewani. Dozi sahihi ni ile ambayo wodi yako inaweza kumvusha mtoto nayo. Chukua metotreksati ya dozi kubwa. Kwenye hospitali ya Houston, Marekani, wanaitoa, wanapima kiwango chake kwenye damu, wanampa mtoto leukovorini ya kumwokoa na sumu yake, na anarudi nyumbani. Ukiitoa dozi ileile mahali ambapo maabara haiwezi kupima kiwango hicho, umefanya kamari na mtoto wa watu. Daktari aliyefundishwa Houston tu anaijua dozi ya Houston. Kuijua dozi ya kwetu, na kuwa na ujasiri wa kuiandika kwenye faili bila kuona haya kwamba ni "ndogo", hayo ni maarifa mengine kabisa, na yana walimu wake.

Walimu hao wengi wako Afrika. Blantyre, Malawi, kwenye Hospitali ya Queen Elizabeth, Wamalawi na wenzao wametumia miaka mingi kutafuta tiba ya Burkitt (saratani ya limfu inayovimbisha taya au tumbo) na ya uvimbe wa figo ambayo wodi yenye manesi wawili inaweza kuibeba. Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa pamoja wa kutibu huo uvimbe wa figo, unaoitwa Wilms, ulioanza mwaka 2014 kwenye nchi kadhaa zikiwemo Malawi, Ghana na Kamerun. Hawakuleta dawa mpya hata moja. Walikubaliana mpango mmoja wa tiba, dozi zikapunguzwa kwa watoto wenye utapiamlo, na familia zikasaidiwa nauli na gharama nyingine ili zisikatishe matibabu. Waliokatisha walipungua, na waliofika mwisho wa matibabu wakiwa hai wakaongezeka kutoka karibu nusu hadi karibu theluthi mbili.

Kuna kitu kidogo kwenye mpango ule ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Mtoto wa miaka mitatu ana uvimbe wa figo, tumbo limejaa. Unampandisha kwenye mzani, mzani unasema uzito wake ni wa kawaida. Mzani unadanganya, kwa sababu umepima na uvimbe. Ukikokotoa dozi kwa uzito ule unampa kilo zisizo zake. Unachotakiwa ni utepe ule wa rangi tatu tunaopimia utapiamlo kliniki, unaozungushwa juu ya mkono. Mkono hauna uvimbe, mkono unasema kweli. Ukiingia kwenye nyekundu, dozi inashuka hadi theluthi mbili, na chakula kinaanza kabla ya dawa. Utepe huo uko kwenye zahanati zetu. Nionyeshe hospitali ya Ulaya ambako rezidenti wa saratani atafundishwa kuutumia.

Programu niliyosoma mimi ni ya Chuo Kikuu cha Makerere, miaka miwili, na wagonjwa ni wa Mulago, hospitali kuu ya taifa pale Kampala, na Taasisi ya Saratani ya Uganda. Imejengwa kwa ushirikiano na Chuo cha Tiba cha Baylor na Texas Children's Hospital za Houston, kupitia mradi wao wa Global HOPE ambao umeweka mizizi pia Malawi na Botswana. Tulikuwa madaktari wa nchi tofauti tofauti darasa moja. Walimu wengine ni Waganda, wengine wanakuja kutoka Marekani, wengine unawaona kwenye skrini tu intaneti ikikubali.

Wodini wazazi walikuwa wa kila lugha. Hapo Kihaya kilinisaidia kuliko Kiingereza changu chote: mama wa Mbarara, magharibi mwa Uganda, akiongea Kinyankole nami nikimjibu kwa Kihaya, tunaelewana bila mkalimani. Wakimbizi kutoka Kongo nilikuwa naitiwa mimi, "musawo (daktari) wa Kiswahili". Mama anayeelezwa kwa lugha yake kwamba matibabu ni ya miezi, na kwamba uvimbe kupotea wiki ya pili si kupona, huyo ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi. Nimeona akina mama wakichukua mtoto na kuondoka kwa furaha kabisa kwa sababu taya limerudi sawa. Miezi miwili baadaye wanarudi naye, na safari hii dawa haisikii.

Nieleze Burkitt kidogo, maana huo ndio ugonjwa uliojenga jina la Mulago. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alimwona pale mtoto aliyevimba taya, kisha mwingine, mwaka uliofuata akaandika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya maelfu ya maili kupitia nchi zetu hizi, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona ugonjwa huu. Ramani iliyotoka ikafanana na ramani ya mvua na joto, yaani ya malaria. Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba wameona ndani yake kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Mwaka 1967 ikafunguliwa Kampala taasisi ya kutibu limfoma, ambayo ndiyo Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo, na pale daktari Mmarekani John Ziegler na wenzake wakaonyesha kwamba watoto hawa wanaweza kuponywa kwa dawa. Hospitali nyingi za dunia wakati huo zilikuwa bado zinaibahatisha kemo.

Kisha akaja Amin. Ilipofika 1972 wageni wakaondoka, na Profesa Charles Olweny, Mganda, akabaki na taasisi isiyo na kitu. Miaka ya baadaye naye ikamlazimu kwenda uhamishoni. Kwa hiyo Kampala iliyoufundisha ulimwengu kutibu Burkitt, watoto wake wakaendelea kufa kwa Burkitt kwa miongo kadhaa. Majarida yalibaki maktaba, watu ndio walioondoka. Kila nikisikia mtu akipanga kumfundisha mtaalamu mmoja tu kwa nchi nzima huwa nakumbuka hilo.

Turudi wodini. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto anakuja meno yamelegea, jicho limesukumwa nje, tumbo gumu. Habari njema ni kwamba unayeyuka haraka ukipewa dawa, na habari mbaya ni hiyohiyo. Unapoyeyuka unamwaga kila kilichokuwa ndani ya chembe zake: potasiamu, fosfeti, asidi ya yuriki. Figo zinaziba, moyo unasimama, na mtoto anakufa siku ya tatu akiwa anapona saratani. Wenzetu wana rasburikesi, dawa inayovunja asidi ya yuriki, na mashine ya kusafisha damu hapo jirani. Sisi tuna maji mengi ya dripu yanayoanza kabla ya kemo, aloprinoli ya kupunguza asidi hiyo, na dozi ndogo ya kufungulia ili uvimbe uyeyuke kwa hatua. Na tuna mkojo.

Aliyenifundisha mkojo ni nesi wa zamu ya usiku, mama mtu mzima. Alikuwa na mzani mdogo wa jikoni mezani kwake. Nepi kavu unaipima kwanza, unaandika. Ikilowa unaipima tena, unatoa ya kwanza. Gramu moja ni mililita moja. Mtoto mkubwa anakojoa kwenye chupa ya maji iliyochorwa mistari kwa kalamu ya wino. Mama wa mtoto anaandika kwenye daftari saa na kiasi, na asiyejua kuandika anachora vijiti. Kila baada ya saa nne nesi anajumlisha, anagawa kwa kilo za mtoto na kwa masaa. Namba ikishuka anakuamsha, hata kama umelala dakika ishirini, na hakuombi radhi. Daktari wa kutoka Marekani aliyekuwa nasi kipindi hicho alipiga picha lile daftari ukurasa kwa ukurasa. Sijui aliliandikia nini, ila nilifurahi kuona safari hii somo linaelekea upande ule.

Hapa nifungue mabano kuhusu Cape Town, maana mtu atasema nawaonea walioenda mbali. Chuo Kikuu cha Cape Town kina programu ya kuwafundisha madaktari wa watoto kutoka nchi nyingine za Afrika kwa makubaliano na hospitali zao kwamba nafasi ya kazi inawasubiri, na karibu wote wamerudi makwao. Guatemala nayo ilianzisha mwaka 2000 kituo chake cha saratani za watoto, UNOP, na madaktari wa nchi jirani za Amerika ya Kati wanajifunzia pale badala ya kwenda Marekani na kubakia huko. Kwa hiyo umbali si tatizo. Hata mimi ningepata nafasi ya miezi mitatu mahali wanapopandikiza uboho (ute wa ndani ya mifupa) ningeenda kesho. Ninachopinga ni miaka yako yote miwili iishie kwenye wodi ambayo haijawahi kukosa vinkristini.

Nikiitaja vinkristini, vijana wa interni mnaosoma hapa mnisikilize. Dawa hii inaingia kwenye mshipa tu. Ikichomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo inaua, na kifo chake ni cha maumivu ya siku nyingi. Kosa hilo limewahi kutokea hospitali kubwa duniani, kwa madaktari wazuri, kwa sababu siku moja mezani palikuwa na bomba la sindano la metotreksati ya uti wa mgongo na la vinkristini pembeni yake, yanafanana. Tiba yake ni ya bei rahisi: vinkristini isijazwe kwenye bomba la sindano, iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, ambao hakuna atakayeuunganisha na sindano ya uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo tangu 2007. Na siku ya uti wa mgongo, vinkristini isionekane chumbani kabisa. Nani anasimamia hilo? Mfamasia anayechanganya, na nesi anayesoma lebo kwa sauti kabla hujaingiza. Wewe bingwa bobezi, kichwa kimejaa majarida, uko nje kwenye simu na benki ya damu.

Jambo jingine ambalo Uganda wanatuzidi ni mofini, dawa ya maumivu makali. Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na Dokta Anne Merriman, na tangu 2004 manesi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Wanaitengeneza ya maji kutokana na unga, inatiwa rangi ili mzazi asichanganye nguvu zake, ya kijani ni ile hafifu. Mtoto ambaye saratani yake haiponyeki tena anarudi kijijini na chupa yake, analala usiku. Nimefanya kazi mahali ambapo mofini imefungiwa kwa kufuli mbili na daktari anaogopa kuiandika kuliko anavyoogopa kumwona mtoto akilia. Sehemu hii ya mafunzo haimo kwenye matangazo ya chuo, na ndiyo niliyoitumia kuliko nyingine zote tangu nirudi.

Kuhusu kurudi sitasema mengi wala sitaitaja hospitali. Nilikabidhiwa wodi ya vichanga, maana upungufu ulikuwa huko, na kliniki ya saratani nikapewa siku moja kwa wiki kwenye chumba cha kufungia vidonda. Sikulalamika sana, vichanga nao ni watoto. Kilichoniuma ni nesi. Tulimfundisha kuandaa kemo, kupata mshipa wa mtoto aliyekonda, kujua dripu ikivuja chini ya ngozi aikate papo hapo. Akawa hodari kuliko mimi. Ikaja barua ya mzunguko wa kawaida wa watumishi, akapelekwa idara ya meno. Meno! Tukaanza upya na mwingine.

Angalau Tanzania hii si kama ile tuliyoisikia kwa wakubwa zetu, wakati mtoto wa Kagera au wa Rukwa alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huduma ya watoto ilihamia Hospitali ya Muhimbili, wakishirikiana na shirika la Tumaini la Maisha wakaifanya iwe bure kwa familia, na leo hospitali za Bugando (Mwanza), KCMC (Moshi) na Mbeya nazo zinatibu. Mtoto wa Ngara hahitaji tena kuvuka nchi nzima. Lakini kila kituo kipya kinahitaji watu, na hapo ndipo swali lenu la ubobezi linapoingia.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayejaza fomu: kabla hujasaini, muone mganga mfawidhi wako, ukubaliane naye kwa maandishi. Kwamba ukirudi wodi ya saratani ipo, hata ikiwa vitanda vinne. Kwamba mfamasia mmoja atapelekwa kujifunza kuchanganya kemo, na maabara itapata mtu wa kusoma uboho na chembe zilizofyonzwa kwenye uvimbe kwa sindano nyembamba, kwa sababu ukisubiri majibu ya uvimbe wa Burkitt wiki tatu hutakuwa na mgonjwa. Kwamba nesi mmoja, ikiwezekana wawili, watakwenda mafunzo kipindi chako na hawatazungushwa kwenye mzunguko wa watumishi kwa miaka michache. Kwamba kuna kifungu cha nauli za wazazi.

Chumba tafuta Wandegeya au Kamwokya, utatembea kwa mguu hadi Mulago, na roleksi ya barabarani, chapati iliyokunjwa na mayai, itakulisha siku ambazo posho imechelewa. Itachelewa. Na ukiambiwa bajeti ya mwaka huu inatosha mtu mmoja, nenda wewe, ila barua ya nesi iwe imeshafika masjala na kugongwa muhuri kabla hujapanda basi la Mutukula, mpakani.